Akika ya Mwaka wa Saba

Kaka yangu aliponiomba akika ya binti yangu ifanyike nyumbani kwake, nilipaswa kumwambia hapana. Nilimwambia ndiyo kabla hajamaliza kikombe chake cha kahawa, na sikumuuliza mke wangu.

Niliona vigumu kumkatalia. Baba yetu alifariki nami bado mdogo, na kaka ndiye aliyenilisha, akanitia chuo cha Kurani, halafu akanipeleka Unguja nikasoma miaka minne kwa mwalimu mkubwa wa sheria na lugha, wakati vijana wenzangu wa Bagamoyo walikuwa wakifuata misafara bara. Yeye mwenyewe hakusoma zaidi ya juzuu chache. Aliuza chakula kwa misafara hiyo, mtama na mchele na samaki wakavu, akajenga nyumba ya mawe yenye ua mpana huku mtaa wa Dunda. Lakini hakujaliwa mtoto. Alioa mara tatu, na ua ule haukupata wa kucheza ndani yake. Siku ile aliketi barazani kwangu, akawa anakigeuza kikombe mkononi, kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi sina langu la kusherehekea. Niachie la kwako siku moja."

Nilijua jibu ambalo mke wangu angelitoa, na ndiyo maana sikwenda ndani kumuuliza.

Nasikia Wazungu humfanyia mtoto karamu kila mwaka siku aliyozaliwa, na baadhi ya jamaa zetu wa mjini wameanza kuiga. Sisi mtoto tulimfanyia karamu moja tu ya kuzaliwa kwake, nayo ni akika. Huchinjwa mbuzi, jina la mtoto likatajwa, ikasomwa dua, watu wakalishwa. Aghalabu hufanywa siku ya saba au ya arobaini. Mke wangu alikwisha kuzaa mara mbili kabla ya binti huyu. Wale wawili tuliwafanyia akika mapema, tukafurahi mapema, na wote tuliwazika kabla hawajatambaa. Alipozaliwa huyu wa tatu, mama yake aliweka nadhiri. Hatamfanyia akika mpaka atimize miaka saba. Akiitimiza, itafanywa Fukayosi, shambani kwa mama yake mzazi, kwa mbuzi aliyemlea kwa mikono yake, na wenye karamu watakuwa watoto. Watu wazima wakija, hawatafukuzwa. Aliisema nadhiri hiyo mbele yangu akiwa bado amelala kitandani na mtoto ubavuni, nami nikaitikia amini.

Mbuzi alipatikana mtoto akiwa wa miaka mitano. Alikuwa beberu mdogo mwekundu, mwenye kidevu cheupe. Mke wangu na binti yangu walimlisha maganda na majani ya mbaazi, wakamkogesha, wakamfunga kamba ya ukindu shingoni. Alimfuata mtoto mpaka mlangoni kwa mwalimu wa chuo, akalala hapo akimngoja. Binti yangu hakuona ubaya wowote kwamba siku moja atachinjwa. Kwetu mbuzi wa akika havunjwi mfupa. Hukatwa kwa kisu kwenye maungio, nyama ikapikwa vipande vikubwa kwa asali ili tabia ya mtoto iwe tamu, na watu wakishakula, mifupa yote hukusanywa katika kitambaa cheupe ikazikwa mizima. Wazee wanasema mbuzi huyo atafufuliwa akiwa hana kasoro, naye ndiye atakayembeba mwenye akika kuvuka Sirati, daraja la Siku ya Kiyama. Mimi niliyesoma naweza kutenga lililo vitabuni na lililo la bibi zetu. Binti yangu hakuyatenga, na sikuona sababu ya kumtengea.

Aliwatangazia watoto wote wa mtaa kwamba yeye usafiri wake uko tayari. Kulikuwa na mtoto wa jirani, mwenye maneno mengi, aliyekuwa akimtania kila wakitoka chuoni.

"Wewe na uzito huo, mbuzi atakaa chini katikati ya daraja."

"Nitashuka nimsukume," binti yangu akamjibu. "Wewe utamsukuma nani?"

Nilimpa mke wangu habari ya kaka jioni ile ile. Alikuwa anapepeta mchele. Aliumaliza ungo mzima, akaumwaga mchele chunguni, akafuta mikono.

"Fukayosi umeniondolea," akasema. "Watoto nao najua watakaa nyuma ya watu wazima. Basi nibakishie mbuzi. Asivunjwe mfupa, na asimamiwe na wewe, si mtu mwingine. Tangu kisu mpaka chungu."

Niliapa. Niliweka mkono kifuani nikaapa, na nilipoapa nilikusudia kweli.

Karamu ilikuwa mwezi wa mfungo sita, mwezi aliozaliwa binti yangu. Kaka alitandika majamvi ua mzima, akajenga kivuli cha makuti, akaalika mji. Kwa bahati juma lile ulikuwa umeshuka msafara mkubwa, na wapagazi waliposikia matari walikuja wakasimama mlangoni, nyuso zimekonda kwa safari. Kaka hakuweza kumfukuza mtu mwenye njaa. Kila walioingia akawaambia wakae, na kila walipokaa watoto walisogezwa nyuma jamvi moja, mpaka wakawa wamebanana ukutani karibu na jiko.

Watoto hao walikuwapo tangu asubuhi. Mwanzo waliimba. Kisha wakafinyana. Wawili walipigana kwa ajili ya nani aketi karibu na mwenye sherehe, na aliyeshinda akalia kuliko aliyeshindwa. Yule mtoto mwenye maneno aliingiza mkono katika bakuli la halua mpaka kwenye kifundo, akaja shangazi yake, na mtoto huyo akaketi na mkono nyuma ya mgongo adhuhuri yote huku inzi wakimfuata. Binti yangu alikuwa amevaa leso mpya, amesukwa, amepakwa hina. Mbuzi alivishwa shada la asumini, akajipinda akalila lote kabla hajafika mbele ya watu. Watoto walicheka mpaka mmoja wao akajikojolea. Hiyo ndiyo saa ninayoikumbuka kwa furaha. Binti yangu aliniangalia kutoka kule ukutani akiwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

Mwalimu wa chuo alichinja, mimi nikashika miguu. Jina lilitajwa sawasawa. Mtoto alisimama karibu, akajifunika macho kwa leso, halafu nikaona jicho moja linachungulia pembeni. Nilimtundika mbuzi mwenyewe, nikaanza kuchuna. Mpaka hapo nilikuwa nimeshika kiapo changu.

Kaka akaja mbio kutoka barazani. Msomaji wa maulidi sauti ilikuwa imemkauka, na mtu wa liwali alikuwa amekwisha kuketi, na watu walikuwa wananiulizia. "Njoo uwaonyeshe nilikupeleka Unguja kufanya nini," akaniambia. Nilimwangalia mbuzi. Nikamwambia mpishi, mtu wa kukodiwa ambaye mikono ilikuwa kwenye nyama mpaka viwikoni, kwamba huyu ni wa peke yake, asimguse mpaka nirudi. Alijibu "haya, bwana" bila kuinua uso.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda kwa sababu ya kaka. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na sauti nzuri na nilipenda isikike.

Nilisoma, na watu wakanyamaza, wakaanza kuyumba taratibu. Mtu wa liwali alifumba macho. Nilikuwa nimefika pahala pazuri sana, pale ambapo watu wote huinuka kwa heshima, nikasikia mkono wa kanzu unavutwa. Alikuwa binti yangu. Alipita katikati ya magoti ya watu wazima wote wale, leso imemteleza, akainua mdomo karibu na sikio langu.

"Baba, wanampiga shoka."

Nilisikia kila neno. Hatua za kwenda jikoni hazikuzidi ishirini. Niliweka kiganja changu kichwani kwake, nikamrudisha nyuma kwa upole. "Ngoja, mama," nikamwambia, nikaendelea kusoma. Alingoja. Alikaa chini nyuma yangu, ameshika upindo wa kanzu yangu, mpaka nilipomaliza beti nyingine tatu.

Nilipofika jikoni, palikuwa na gogo, na kishoka, na vipande vya mfupa mweupe katika majivu. Wapagazi walikuwa wengi, nyama ilipungua, na kutoka barazani likaja neno kwamba waharakishe. Mpishi alikuwa amemteremsha aliyemwona ametundikwa, akamkatakata vipande vidogo, akamtia katika sufuria ya wote. Neno lile la kuharakisha lilikuwa la kaka. Nilipomwambia ni mbuzi gani, alishika kichwa kwa mikono miwili, akaketi juu ya gunia.

Watoto walikuwa wameletewa sinia zao hatimaye. Wali na mchuzi, nyama hamna. Walikula hivyo hivyo, wakatupiana punje, wakalala palepale wengine wakiwa na tonge mkononi.

Ndipo mke wangu alipotuma salamu kutoka ndani kwa wanawake. Alikuwa anangoja mifupa.

Ningekwenda mlangoni wakati ule, nikamwita, nikamwambia yaliyotokea, nadhani mambo yangekuwa mengine. Kaka akasema tukimwambia sasa ataondoka mbele ya wageni wote, na siku ya mtoto itakuwa imekufa. Kulikuwa na mbuzi mmoja amebaki, amefungwa nyuma ya ghala. Akasema, "Tuchinje huyo. Nia ni ile ile." Nami sikupinga. Tulimchinja sisi wawili kwa haraka, kaka amekunja mikono ya kanzu yake ya sherehe. Tulimkata vizuri kwenye maungio, tukamchemsha, tukamtia asali, tukala kidogo na kugawa kidogo, tukakusanya mifupa yote katika kitambaa cheupe. Hapakuwa na hata mmoja uliovunjika.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala.

"Huyu si wangu," akasema.

"Sasa ndiye wako."

Alikitazama kile kitambaa. "Atanijua?"

Nilimwambia atamjua. Nilimwambia Mungu atamjulisha. Kisha nikachutama mpaka macho yetu yakawa sawa, nikamwambia, "Usimwambie mama yako. Utamhuzunisha. Iwe siri yetu mimi na wewe." Akakubali kwa kichwa. Alikuwa mtoto mtiifu.

Mke wangu alipokea mifupa ile kwa mikono miwili. Aliizika mwenyewe uani kwetu kabla jua halijashuka, mama yake akimshikia jembe, maana mkwe wangu alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Fukayosi kwa ajili ya siku hiyo. Alishindilia udongo kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akainuka, akacheka bila sababu. Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na sikuwa nimewahi kumwona mwepesi namna ile. Nilielewa kwamba miaka saba yote alikuwa akipumua nusu. Akanishika mkono wenye harufu ya nyama na asali, akasema, "Ahsante kwa kusimama naye."

Binti yangu alikuwa ameketi kwenye kizingiti, akibandua hina iliyokauka kiganjani. Hakuinua uso.

Baada ya siku kama nne alinifuata msikitini, akaningoja nje. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza, "Baba, leo nimwambie?" Nikamwambia bado. Juma lililofuata akaniuliza tena. Nikamwambia bado, angoje mama apumzike. Mara ya tatu aliuliza akiwa nyuma yangu njiani, na nilipogeuka kumjibu alikwisha kujijibu mwenyewe. "Bado," akasema, akapita mbele.

Nilimwona anavyobadilika. Mama yake akimpa kitu alikipokea haraka na kuondoka. Chuoni yule mwenzake alipomtania habari ya mbuzi na daraja, hakumjibu, na yule mtoto akaja kwangu, akaniamkia vizuri, akaniuliza kama mwenzake anaumwa. Nilimwambia haumwi. Nilijua ninachomfanyia binti yangu. Kila asubuhi nilijiambia kwamba mtoto husahau.

Mkwe wangu alirudi kutuona mwezi wa pili, ameleta mahindi mabichi. Tulikuwa uani sote wanne. Alimwita mjukuu wake, akamwambia kwa mzaha amwonyeshe mahali alipolala mbuzi wake, akamsalimie. Mtoto alikwenda mpaka penyewe, akasimama, akaniangalia mimi kwanza. Nadhani alikuwa anauliza kwa macho mara ya nne. Kisha akamgeukia bibi yake.

"Hapa amezikwa mwingine, bibi."

Mke wangu alikuwa anamenya mahindi. Alilitua hindi. Hakumuuliza mtoto lolote, aliniuliza mimi, nami nikamweleza yote, tangu kusoma kwangu mpaka ghala. Sikumtupia kaka lawama wala mpishi. Hilo ndilo jema pekee nililolifanya katika jambo lile, na lilikuwa limechelewa. Mtoto alianza kulia. Mama yake akamvuta mapajani, akamfuta uso kwa leso, akaniambia huku akiendelea kumfuta, bila kupandisha sauti.

"Mbuzi nitapata mwingine. Ungeniambia siku ile ile ningelia, tungekwenda Fukayosi sote watatu tukaanza upya. Lakini mwanangu huyu alikuwa hajui kunificha kitu. Wewe ndiye uliyemfundisha kunitazama usoni akanyamaza. Miezi miwili, mume wangu. Na ana miaka saba."

Asubuhi ya pili yake waliondoka wote watatu, bibi na mama na mtoto, kwenda Fukayosi kuitimiza nadhiri kama ilivyowekwa. Nilitaka kufuatana nao. Mke wangu alisema nisije, atanipelekea neno. Nilingoja neno. Kaka alinishauri niende hivyo hivyo, nikakae mlangoni kwa mkwe mpaka nisikilizwe, na kwa mara moja katika maisha yangu sikumtii, kwa sababu niliona aibu. Nikaacha wiki zikapita, kisha miezi. Baadaye zikaja zile fujo za Wajerumani na watu wa pwani, mji ukapigwa mizinga, njia za bara zikafungwa, na mwenye sababu ya kutokwenda akapata sababu nyingine.

Njia zilipofunguka nilikwenda. Walinipokea kwa adabu, wakanipa maji ya kunawa na chakula. Nikaambiwa akika ilifanyika zamani, chini ya ukumbi wa makuti, watoto wa kijiji ndio waliokula, na bibi alisimama na mbuzi tangu kisu mpaka chungu. Mke wangu aliniomba talaka kwa maneno machache, wala hakuniomba kwa hasira. Nikampa. Binti yangu, aliyekuwa amerefuka, alikuja akanipa shikamoo, akanishika mkono, akasimama mbali kidogo kama wanavyosimama watoto mbele ya mgeni wa heshima.

Kaka aliniomba radhi mpaka siku alipofariki. Kila mara nilimwambia hana kosa, na nilisema kweli. Yeye aliomba tu, na mimi ndiye niliyekubali. Binti yangu alimpenda ami yake huyo, akaja kumzika, akamlia.

Mimi pia hakunitupa. Waliponijia kwa idhini ya ndoa yake nilitoa, na amenizalia wajukuu watano, na kila akija Bagamoyo hunifulia nguo na kunipikia. Ni mtoto mwema kuliko nilivyostahili. Lakini mwaka jana, alipokuwa anajiandaa kurudi kwake wakati wa masika, aliniuliza kama kivuko cha mtoni kinafanya kazi. Nilikuwa nimetoka huko siku hiyo hiyo, nimekiona kwa macho yangu, nikamwambia kinafanya kazi. Akanishukuru. Halafu akamwita mwanawe, akamtuma nyumba ya pili akaulize hilo hilo.

Hakufanya hivyo kunikomoa. Sidhani hata alijua kwamba amefanya. Hivyo ndivyo imekuwa kwetu miaka yote tangu karamu ile. Kwa kumwambia kaka ndiyo, nilimpoteza mke niliyempenda, na mtoto aliyebaki hai katika watatu hajaamini tena neno lolote nililomwambia.